Ukitaka kufuga punda Lamu: mwongozo kamili kuanzia siku ya kumnunua

Mtoto wa dada yangu yuko Mombasa, juzi kanipigia simu, shikamoo mjomba, marahaba, halafu moja kwa moja ananiambia anataka kununua farasi amlete Lamu. Ameona video huko kwenye simu, watu wanakimbiza farasi ufuoni maji yanaruka, roho ikamtoka. Nikacheka mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia farasi ni mnyama mzuri sina ubaya naye, lakini pwani yetu hii ina joto na usubi, na kuna ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaoenezwa na usubi, farasi akiupata mara nyingi ndo mwisho wake, punda huyohuyo akiumwa na usubi haohao mara nyingi hata dalili huoni. Halafu farasi utampitisha wapi? Vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani vingine ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili.

Fuga punda, nikamwambia. Akanuna kidogo, kisha akasema basi niandikie kila kitu. Ndo haya, na nimeona niyaweke hapa manake si yeye peke yake anayeniuliza.

Mimi nina punda watatu, nimeanza kufuga nikiwa kijana na nimekosea karibu kila kosa linalowezekana. Kwa hiyo mengi hapa chini ni yale yaliyonigharimu.

Kwanza jiulize unamtaka wa nini

Punda wa kubeba mawe na saruji si sawa na punda wa kukupeleka shamba mara mbili kwa wiki, na wote wawili si sawa na punda wa mashindano. Ukitaka wa kazi nzito tafuta aliyekomaa, kifua kipana, miguu imenyooka. Ukitaka wa kupanda tu, punda jike mtulivu anatosha kabisa. Wa mashindano ya Maulidi hayo ni mambo mengine, vijana wanawajua punda wenye mbio kama watu wengine wanavyojua wachezaji wa mpira, na huwezi kumpata kwa mtu anayekuuzia kwa haraka.

Na usinunue mmoja kama unaweza kununua wawili. Punda ni mnyama wa urafiki. Akizoeana na mwenzake wanasimama pamoja, wanakunana shingo, ukimuuza mmoja aliyebaki anaweza akakataa kula siku mbili tatu, na punda kukataa kula ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri, nitalieleza mbele. Kama mfuko unaruhusu mmoja tu, basi mfuge karibu na punda wa jirani.

Siku ya kununua: toa tandiko, fungua mdomo

Punda wangu wa kwanza nilimnunua akiwa na gunia mgongoni. Muuzaji alikuwa mtu mcheshi, maneno mengi, wallahi huyu punda ni jembe, mimi nikatoa pesa. Nimefika nyumbani nimevua gunia nikakuta kidonda ukubwa wa kisahani cha kahawa, katikati ya uti wa mgongo, kimeshaanza kunuka. Miezi miwili nilimlisha punda asiyefanya kazi. Kwa hiyo sheria ya kwanza: vua kila kitu kilicho juu yake kabla hujataja bei.

Ukishavua, pitisha kiganja taratibu kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Angalia nywele nyeupe nyeupe zilizoota kwa mabaka mgongoni na pale kamba ya tumbo inapopita, hizo si rangi ya kuzaliwa, ni makovu ya vidonda vya zamani, ngozi ikishaumia sana nywele zinazorudi zinakuwa nyeupe. Baka moja dogo sawa, wengi wanalo. Yakiwa mengi ujue huyu kapitia mikononi mwa mtu mbaya, na mahali palipowahi kuumia huwa panaumia tena upesi.

Kisha mdomo. Mwambie mwenyewe akushikie kichwa, fungua midomo uangalie meno ya mbele. Punda ana meno ya utotoni madogo meupe, na ya ukubwani makubwa zaidi, yana umanjano. Yale mawili ya katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata pembeni mwaka mmoja baadaye, na ya mwisho kwenye kona akikaribia miaka 5. Ukikuta meno ya kona bado ni ya kitoto, huyo ni mtoto hata kama muuzaji anaapa ana miaka saba. Mimi sibebeshi punda mzigo wa maana kabla hajafika miaka 4, mifupa haijakaza, ukimwahi leo unamharibu miguu na utamtupa akiwa na miaka 10, wakati punda aliyetunzwa anaweza kufika 30 na zaidi.

Halafu mtembeze. Mwambie mtu amkokote aende na kurudi penye sakafu ngumu, wewe kaa pembeni uangalie kichwa. Akiwa anachechemea mguu wa mbele kichwa kitanyanyuka kila anapoukanyagia mguu unaouma. Mchangani huwezi kuona vizuri, ndo maana wauzaji wajanja wanapenda kukuonyesha punda ufuoni.

Bei sitaji, inapanda na kushuka, waulize watu watatu wasiojuana. Na andikishianeni, hata kwenye kikaratasi, mbele ya shahidi, manake punda wa Lamu wanazurura na siku moja mtu atakuja kudai ni wake.

Pa kulala

Hapa watu wengi wanasema punda anajilalia popote. Mchana sawa. Lakini manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, mvua ikimnyea analowa mpaka kwenye ngozi, na masika yetu hasa mwezi wa tano si mchezo. Kibanda cha makuti chenye ukuta upande wa upepo kinatosha, sakafu iwe imeinuka kidogo isituame mkojo. Kwato zikikaa kwenye unyevu na mavi kila siku zinaoza katikati, utajua kwa harufu kabla ya macho.

Mavi zoa kila asubuhi. Mwenye shamba la minazi atayachukua bure na kukushukuru.

Chakula, na mambo ya plastiki

Punda ameumbwa kwa nchi kavu, tumbo lake linataka majani makavu magumu mengi na muda mrefu wa kutafuna. Kosa la mwenye huruma ni kumjazia pumba za mahindi ndoo nzima kwa kudhani ndo kumpenda. Pumba kidogo kwa punda wa kazi nzito, jioni, si mbaya, lakini msingi uwe nyasi. Maganda ya embe na ndizi mpe kidogo kama zawadi. Mahindi yenye ukungu usithubutu hata kama unayaonea uchungu kuyamwaga. Na makombo ya pilau ya harusi, jamani, kila harusi kuna mama mmoja anamimina sufuria nje "kwa punda", mwambie kwa adabu, maa, huyu hali wali wa mafuta.

Maji: kwa siku anahitaji kati ya lita 10 na 25 kutegemea jua na kazi. Punda ni mchaguzi wa maji kuliko mtu, ndoo ikiwa chafu au ina harufu ya sabuni atakaa na kiu. Visima vingine hapa vina chumvi, yale mazuri ya mji yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kwa hiyo onja wewe kwanza. Kama huwezi kuyanywa usimlazimishe yeye. Mpe asubuhi kabla ya kazi, mchana, na jioni, usingoje mpaka siku iishe.

Sasa plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 na kweli imepungua, lakini haijaisha, na punda anayeachiwa usiku ajitafutie anakula anachokikuta: mfuko unaonuka samaki, karatasi ya chipsi, kamba ya nailoni. Jirani yangu mmoja alipoteza punda jike wake hivo. Alianza kwa kususa chakula, akasimama kichwa chini siku mbili, akafa. Alipopasuliwa likatoka tumboni donge la mifuko limejisokota kama kamba ya nanga, urefu unapita mkono wangu, gumu, limejaa mchanga. Tangu siku hiyo wangu hawatoki usiku. Wafunge, uwape nyasi za kutosha kutafuna mpaka alfajiri, ni kazi ndo, lakini hakuna njia nyingine.

Mzigo na matandiko, hapa ndo pa kusoma mara mbili

Watu wanapenda ule usemi wa punda afe mzigo ufike. Akifa punda wa kwako utaona kama mzigo wa kesho utafika.

Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 180 hivi. Hesabu inayokubalika ni kama theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 50 kwa punda mkubwa mwenye afya. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kwa hiyo mfuko mmoja kwa safari moja, basi. Najua unaona watu wanapakia miwili na kijana kakaa nyuma juu ya kiuno, mimi pia nilifanya hivo zamani. Niliacha nilipohesabu: safari mbili za mfuko mmoja mmoja kutoka kwenye jahazi mpaka mtaa wa Langoni ndani zinachukua dakika ishirini zaidi, na punda anafanya kazi mwezi mzima bila kukaa bure kwa sababu ya kidonda cha mgongo.

Matandiko sasa. Kitu cha kukumbuka ni kimoja, mzigo usikae juu ya uti wa mgongo. Ule mfupa hauna nyama juu yake. Shona mito miwili ya gunia, ijaze nyasi kavu iwe imara, mmoja kila upande, iunganishe kwa juu ili katikati ibaki nafasi, upepo upite, mkono wako uweze kuingia kati ya tandiko na uti wa mgongo hata akiwa na mzigo. Ndipo uweke shogi juu, ule mfuko wa pande mbili wa kubebea mzigo. Pande mbili za shogi ziwe na uzito sawa, ukipakia mchanga pima kwa karai, karai moja huku karai moja huku, usijaze upande mmoja mpaka juu halafu uende wa pili, tandiko litazunguka na kumchuna.

Kamba ya tumbo isiwe nailoni nyembamba. Chukua mkanda mpana wa kitambaa au utepe wa gunia uliokunjwa mara tatu, funga mpaka vidole viwili vipite kwa shida. Ule mkanda wa chini ya mkia nao uuvishe kitambaa laini na uufue, ngozi ya pale ni nyembamba kama ya kope.

Baada ya kazi ya saa moja vua tandiko uangalie jasho. Mgongo ukiwa umelowa sawasawa pande zote mbili, tandiko lako zuri. Ukiona kibaka kikavu katikati ya jasho, pale pamebanwa mpaka ngozi imeshindwa kutoa jasho, kesho au kesho kutwa patakuwa kidonda. Rekebisha mto leoleo, toboa, punguza nyasi sehemu ile.

Kidonda kikishatokea, safisha kwa maji ya chumvi kidogo na mpumzishe mpaka kipone kabisa. Usimwage mafuta ya injini, usichome kwa chuma cha moto, mambo hayo ya kizamani yanaongeza kidonda juu ya kidonda. Bakora ibaki nyumbani. Kwenye kichochoro piga kelele ya simile, simile, watu watapisha, punda anajua njia kuliko wewe. Na ukimtesa ujue kuna sheria, Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, si maneno ya wazungu tu kama wengine wanavyodai.

Kwato

Lamu ina mchanga, na mchanga hausagi kwato kama nchi ya mawe. Zinarefuka, zinapinda kama ncha ya makubadhi, punda anaanza kutembea kwa visigino na kano zinavutika. Zikatwe kila wiki 6 mpaka 10 na mtu anayejua. Wewe kazi yako ni kunyanyua mguu kila jioni na kutoa mawe na misumari kwa kijiti. Mzoeshe kunyanyua miguu akiwa mdogo, manake asante ya punda ni mateke na mtu aliyeanza kumshika miguu akiwa na miaka sita atalijua hilo.

Afya: punda halalamiki

Hii ndo sehemu ngumu ya kufuga punda kuliko zote. Mbuzi akiumwa analia. Farasi akiumwa tumbo anagaagaa chini kila mtu anaona. Punda anasimama tu, kichwa kimeshuka, masikio yamelala pembeni, mtu anapita anasema leo punda wako ametulia. Kumbe ana maumivu ya kufa.

Kwa hiyo lazima umjue akiwa mzima. Anavyosimama, anavyokupokea asubuhi, mavi yake yakoje. Joto la punda mzima ni karibu nyuzi 37, nunua kipimajoto, ni kitu rahisi, unapima kwa nyuma ukiwa umesimama ubavuni na si nyuma kabisa. Likipita 38 na hana kazi wala jua, kuna jambo.

Na akisusa kula usingoje. Punda asipokula, hasa mnene au jike mwenye mimba, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu mpaka ini linashindwa, siku chache tu. Yaani ugonjwa ulioanza kama jino bovu unageuka kifo. Mimi sheria yangu ni mlo mmoja: akisusa asubuhi na mchana bado amesusa, tunaelekea kwa daktari.

Hapa Lamu tuna bahati, zahanati ya The Donkey Sanctuary ilifunguliwa mjini mwaka 1987 na miaka yote imekuwa ikitibu punda bila kuwatoza wenyewe. Watu wanakuja na punda kutoka kijiji cha Matondoni. Mwanzoni wazee walikuwa wakiona aibu kupeleka punda hospitali, ami yangu alisema ati sisi wenyewe hatuna hospitali ya maana punda aende hospitali, sasa yeye ndo wa kwanza kunikumbusha.

Chanjo mbili usikose: kichaa cha mbwa, na pepopunda. Jina lenyewe linakwambia. Vidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, punda anaambukizwa upesi sana kupitia kidonda kidogo cha kwato, na wewe unayezoa mavi pekupeku pia uko hatarini, kwa hiyo vaa viatu na wewe uchanje. Dawa ya minyoo mpe kwa ushauri wa daktari na kwa uzito wake, ukimpa ovyo ovyo minyoo inazoea dawa.

Akizaa

Mimba ya punda ni mwaka mzima, wengine wanapitiliza mpaka mwezi wa kumi na nne, usiogope. Mimi miezi mitatu ya mwisho simpi mzigo. Mtoto anasimama na kunyonya ndani ya saa chache, asiposimama ita daktari. Mwache na mama yake karibu miezi sita. Na kama hutaki kuzalisha, dume lihasiwe na daktari, utapata amani na majirani watapata usingizi.

Raha yake

Nimesema kazi nyingi mpaka utadhani ni adhabu. Hapana. Kuna ile asubuhi unatoka kuelekea shamba hakujapambazuka vizuri, huhitaji hatamu, unakaa tu karibu na kiuno miguu inaning'inia, yeye anajua pa kukata kona, mji umelala, unasikia kwato zake na adhana ya mbali. Kuna Maulidi mji mzima umejaa wageni na vijana wanashuka mbio ufuoni, wanapanda bila tandiko, na mwanao amekaa juu ya punda uliyemlea wewe, hata akishika mkia utapiga kelele mpaka sauti ikatike. Boda boda zilipoingia kisiwani wengi walisema punda kwisha habari yake. Kwenye vichochoro vyetu bado tunapita sisi, na mafuta yangu ni nyasi.

Akizeeka

Punda akifika miaka ishirini na kitu meno yanaisha, atahitaji nyasi laini zilizokatwakatwa na kazi nyepesi au hapana kabisa. Hapo ndo madalali wanapokuja. Ngozi za punda zinachemshwa China kutengeneza dawa inayoitwa ejiao, na soko hilo lilipofika Kenya machinjio yalifunguliwa bara na wizi wa punda ukazagaa, mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, marufuku ikaenda mahakamani, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Mtu akikujia kununua punda mzee, kilema, kwa bei nzuri, na hataki hata kuangalia meno, unajua anataka nini.

Yule wangu wa kwanza, mwenye kidonda, bado yuko. Habebi kitu. Asubuhi ananisubiri mlangoni kwa ganda la embe, na nikichelewa analia mpaka jirani agonge ukuta.